Bado wewe ni mtu wa Lindi: barua kwa mwanangu aliyeko Kanada

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata. Unasema umemaliza kitabu cha kumbukumbu cha M. G. Vassanji, yule mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, na tangu 1978 makazi yake ni huko Kanada. Kitabu kilitoka 2014, na hata jina lake linaitaja Kariakoo kuwa ndiko nyumbani. Sasa unaniuliza: mtu aliyeondoka miaka yote hiyo bado ana haki ya kusema huku ni kwao? Na wewe ukichukua uraia wa Kanada, utabaki mtu wa Lindi?

Haki anayo. Lindi yenyewe tangu lini ikawa ya watu wa aina moja? Tuna Wamwera, Wayao, Wamakonde ambao wazee wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, Washihiri, na Wahindi wenye maduka. Serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971, Wahindi wengi nchini walifunga virago, na wamo waliozaliwa hapa hapa. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba anachokililia si chake.

La uraia ni gumu zaidi, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiapa huko, wa huku umeuacha. Sikufichi, itaniuma. Ila ukoo hauna uhamiaji. Ukitokea msiba hapa nyumbani utadaiwa mchango kama wenzio, na ukichelewa utasemwa kama wenzio.

Lakini lililonikaa moyoni ni jingine. Umeandika kwa utamu sana ule usiku tuliolala Ndundu tukisubiri pantoni la kuvuka Rufiji: moto wa wachuuzi, samaki wa kukaanga, makondakta wakisimuliana hadithi. Ni kweli vilikuwepo. Wewe ulikuwa mdogo, ukala samaki, ukalala. Mimi nilikuwa nampeleka shangazi yako Muhimbili, mimba imemharibikia. Alilazwa kwenye kiti cha nyuma cha basi, kanga ya kwanza imelowa damu, ya pili imelowa, na mimi nimeushika mkono wake nikisikiliza kama bado anapumua. Alipona, Alhamdulillah. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 nililia kwa furaha, na pantoni lile silitamani hata kidogo.

Sisemi kumbukumbu yako ni ya uongo. Nasema ni ya aliyelala, na nchi haijengwi kwa kumbukumbu za waliolala peke yao. Hata harufu ya korosho zinazokaangwa, ambayo unasema inakurudisha nyumbani, kwa mama zako wanaobangua ni mafuta ya ganda yanayobabua vidole mpaka ngozi inatoka. Tupende pamoja na hayo.

Kwa Vassanji nimependa hilo: hakuridhika kukumbuka akiwa mbali. Alirudi, akasafiri nchini, akaandika alichokikuta.

Nawe umesema unataka kuandika ya kwako. Andika, mwanangu, uraia wowote utakaokuwa nao. Ila kabla hujafika Ndundu nipigie, na shangazi yako nitamwita akae karibu na simu. Yeye anamkumbuka vizuri yule dereva wa lori aliyetupisha mbele ya foleni alfajiri ile, na kuna mengine aliyaona usiku ule ambayo hata mimi hajanimalizia.

Mama yako