Macho ya njano bila maumivu: niliyoyaona kwa mzee wangu na kongosho

Mkuu, pole sana na mzee. Nimekuelewa hivi: baba ana miaka 63, macho yamegeuka njano wiki ya pili sasa, hasikii maumivu, hospitali mliyoanzia wamesema homa ya ini, shangazi kaleta mizizi ya kuchemsha, na wewe umesoma kwamba saratani ya kongosho siku hizi ina chanjo na kipimo cha damu. Mimi si daktari. Baba yangu alikuwa fundi wa reli Morogoro, na nilizunguka naye na ugonjwa huo kuanzia 2021 hadi alipotutoka mwanzoni mwa 2024.

Chanjo tuiache kidogo, njano haisubiri.

Ulizeni rangi ya mkojo na ya choo. Najua si swali la mtoto kumuuliza baba yake, mimi nilimtuma mjomba. Mkojo wa mzee wangu ulikuwa kama chai ya rangi iliyolala, choo kikawa cheupe kama majivu, na usiku kucha anajikuna hadi fulana inakutwa na madoa ya damu asubuhi. Vitatu hivyo vikikutana, jua nyongo imezibwa njiani, haishuki kwenye utumbo, inarudi kwenye damu. Homa ya ini nayo inaleta njano, ndiyo maana wanaanza nayo, hawajakosea. Ila vipimo vya virusi vikitoka safi na njano inazidi, msikubali kurudi nyumbani na vidonge vya vitamini. Inaweza kuwa jiwe, inaweza kuwa uvimbe, na kuna magonjwa mengine pia, lakini jibu linatafutwa kwa picha.

Ultrasaundi ya mzee ilionyesha mfuko wa nyongo umevimba na mrija umetanuka, halafu chini wakaandika "kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi". Sisi tulisoma sentensi hiyo tukapumua, tukadhani maana yake kongosho ni zima. Kumbe maana yake ni kwamba hawakuliona! Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na ultrasaundi ya juu ya ngozi mara nyingi hailifikii. Kinachotakiwa ni siti skani yenye dawa ya mshipani, iliyopangwa mahususi kwa kongosho. Na hapa nishike neno langu: kama hali inaruhusu, siti skani ifanyike kabla hajawekewa stenti, kijibomba kidogo cha kufungua njia ya nyongo. Stenti ikishaingia na eneo likavimba, picha inachafuka, na daktari wa upasuaji anashindwa kuona kama uvimbe umegusa mishipa mikubwa ya damu au la. Swali hilo la mishipa ndilo linaloamua kama mtu anapasuliwa, anaanza na kemo (dawa kali za saratani) kwanza, au hapasuliwi kabisa. Ila akianza homa na kutetemeka, ujue nyongo imeingia maambukizi. Hapo hakuna kusubiri picha nzuri, ni dharura.

Kipimo cha damu ulichokisoma nadhani ni CA 19-9. Kipo, na tulikifanya. Kwa mzee kilisoma 900 na kitu, tukalia. Baada ya stenti, nyongo ikashuka, kikarudi 300 bila dawa yoyote ya saratani. Nyongo ikiziba peke yake inakipandisha, na wapo watu ambao miili yao haikitengenezi kabisa, hao watasoma sifuri hata uvimbe ukiwepo. Kinafaa kufuatilia tiba, si kumsaka mgonjwa mtaani. Ndiyo maana hata Marekani, wenye mashine zote, jopo lao la kinga lilishauri mwaka 2019 watu wasio na dalili wasipimwe ovyo ugonjwa huu. Wanaofuatiliwa kila mwaka, kwa MRI au kwa mpira wa kumeza wenye ultrasaundi kwenye ncha yake, ni wale wenye ndugu wa damu kadhaa waliougua, au waliorithi jeni zenye kasoro kama BRCA2. Kwa kundi hilo maendeleo ni ya kweli kabisa, maana uvimbe mwingi hukamatwa ungali mdogo, wa kukatika.

Sisi dalili tulipewa mapema, tukaipita. Mwaka mmoja kabla ya njano mzee alipimwa sukari ikawa juu. Mtu mwembamba, hakuna mwenye sukari katika ukoo, na badala ya kunenepa anatoboa mkanda matundu mapya kwa msumari. Matundu matatu, ule mkanda ninao hadi leo. Mgongo ukawa unamuuma usiku, anakaa kitandani ameinama mbele ndipo anapata nafuu. Alitibiwa vidonda vya tumbo miezi minane. Sukari mpya ukubwani kwa walio wengi ni sukari tu. Kati ya watu 100 wenye zaidi ya miaka 50 waliopata sukari mpya, ni kama mmoja ndiye atakayeonekana na saratani hii ndani ya miaka mitatu. Lakini sukari mpya pamoja na kukonda ni habari nyingine, na hakuna aliyeziweka pamoja, mimi nikiwemo.

Tiba sasa. Uvimbe wake ulikuwa sentimita 3, umeegemea mshipa, kwa hiyo wakaanza na kemo ya dawa nne kwa pamoja, FOLFIRINOX. Wafaransa ndio waliotoa matokeo yake mwaka 2011: kwa ugonjwa uliosambaa, wastani wa kuishi ulitoka miezi 6.8 ya dawa ya zamani hadi 11.1. Mwaka 2018 wakaonyesha kwamba waliopasuliwa kisha wakapewa toleo lake lililopunguzwa makali waliishi wastani wa miezi 54, dhidi ya 35 ya dawa ya zamani. Hizo ndizo namba zilizobadilisha ugonjwa huu, na hazijatoka kwenye chanjo.

Ni dawa nzito, msidanganywe. Dawa ya mwisho inaingia kwa saa 46, unarudi nayo nyumbani kwenye kichupa kilichofungwa kiunoni. Nyingine inaharibiana na baridi. Siku ya tatu mzee alishika chupa ya maji ya friji akaiachia kama amepigwa shoti, na funda moja la dafu la baridi likamfanya ahisi koo limefungwa. Hakuna aliyetuonya. Tuliishi na maji ya uvuguvugu Dar es Salaam mwezi wa pili, unajua joto lake.

Kingine kilichomrudishia uzito hakikuwa kemo, ni vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula. Kongosho likiziba, chakula hakisagiki, choo kinaelea na mafuta. Dirishani tuliambiwa "baada ya kula" kama dawa nyingine, ikawa kazi bure wiki tatu. Vinamezwa na tonge la kwanza, vingine katikati ya mlo. Tulipobadili, ugali na samaki vikaanza kukaa mwilini, na baada ya miezi minne ya kemo akawa na nguvu ya kupasuliwa. Upasuaji ule mkubwa wa kukata kichwa cha kongosho, wanauita Whipple, ulimpa mwaka mmoja na zaidi wa kukaa barazani na wajukuu kabla ugonjwa haujarudi kwenye ini.

Chanjo yako ni ya kweli ila si ya kinga. Ilijaribiwa New York kwa watu 16 waliokwisha pasuliwa, kila mmoja akatengenezewa yake kutokana na uvimbe wake mwenyewe, pamoja na kemo. Matokeo yalitoka 2023: nusu yao kinga ya mwili iliitikia, na hao walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Watu 16, mkuu. Mimi macho yangu yako zaidi kwenye dawa za KRAS, jeni iliyoharibika kwa karibu wagonjwa 9 kati ya 10, ambayo kwa miaka mingi ilisemekana hakuna dawa ya kuishika. Daraxonrasib ni mojawapo, na mwaka 2025 Marekani iliiweka kwenye njia ya haraka. Kwa sasa, mwombeni daktari wa saratani kipimo cha jeni za BRCA, maana wenye kasoro hiyo wana kidonge chao, olaparib, na watoto nao wanapata kujua wako wapi.

India msikate tiketi kabla ya siti skani. Tuliyemjua alitua kule na uvimbe usiokatika, akarudi na kemo ileile iliyokuwepo hapa, na shamba limeuzwa.

Mizizi ya shangazi isimame kwanza. Mwambie kwa adabu kwamba ini la kaka yake lina nyongo iliyokwama, haliwezi kuchuja vitu viwili kwa mpigo. Wangu alinuna siku mbili, ya tatu akaleta uji.