Hesabu Ishirini na Tisa: Idi ambayo mwenye nyumba naye anaipata

Nyumbani kwetu Tanga, tarehe 29 ya Ramadhani tukishafuturu hakuna anayeondoka karibu na redio. Watoto wanatoka nje kuangalia upande wa magharibi, wanaume wako msikitini, na kila simu ikilia swali ni moja: mwezi umeonekana? Ukionekana, Idi ni kesho. Usipoonekana, tunatimiza thelathini. Mama mwenye nyumba anaijua siku ya sikukuu yake usiku wa kuamkia siku yenyewe, na kesho yake ana watu ishirini wa kuwalisha.

Mwaka wa tatu wa ndoa yangu nilijiaminisha kwamba tutatimiza thelathini. Nyama nilikuwa sijanunua, mapazia yamelowekwa kwenye beseni, gauni la binti yangu liko kwa fundi halijatiwa mikono. Mwezi ukaandama. Usiku ule sikulala. Asubuhi watu wako uwanjani wanasali, mimi niko uani namenya vitunguu saumu. Takbira zilikuwa zinanifikia kwa upepo, nami nikawa naitikia polepole, kisu mkononi. Mama mkwe aliporudi kutoka kuswali alinikuta na kanga ile ile ya jana. "Shikamoo mama," nikamwamkia. Akaitika marahaba, akavua buibui lake, akavuta mbuzi na kuanza kukuna nazi bila kusema neno. Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo aliponiambia: "Mwanangu, umefunga kama walivyofunga wao. Na wewe una Idi yako."

Tangu siku hiyo nahesabu ishirini na tisa. Kila kitu cha Idi nakipanga kama kwamba mwezi utaonekana mapema, na tukifunga thelathini basi nimepata siku nzima ya kupumzika. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya dada zangu ambao bado wanaipokea Idi wakiwa na harufu ya moshi.

Kwanza usafi, kwa sababu ndio unaokula nguvu zaidi, na watu wengi wanauacha mpaka kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo mtu angetaka kuamka usiku kwa ibada. Mimi kazi nzito naifanya Shaabani, mwezi ulio kabla ya Ramadhani. Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ya 2025 ikawa Machi 31, zote zikatukuta kwenye masika. Zulia lililofuliwa masika linaweza kukaa siku nne halijakauka, na likikauka linanuka uvundo. Kwa hiyo mazulia na magodoro yapate jua mapema, yakunjwe, yafunikwe. Ukuta unaotaka rangi au chokaa, upakwe mapema pia. Ramadhani yenyewe ninabakiza kufuta utando wa buibui, kusafisha feni na kufua vitambaa vya makochi. Anza juu ushuke chini, dari kwanza na sakafu mwisho, la sivyo utafagia mara mbili.

Mapazia yanatundikwa mwisho kabisa, baada ya vyote vya kukaanga kumalizika. Nilikuwa nikiyatundika mapema ili nyumba ipendeze, halafu nikikaanga visheti na sambusa yanabeba harufu ya mafuta siku zote za sikukuu. Sasa yanapanda usiku wa mwezi kuandama, na hapo hapo ndipo ninapofukiza udi.

Udi nao una namna yake. Makaa yakiwa mekundu ukautia juu, unaungua, unatoa moshi mkali na baada ya dakika chache umekwisha, pesa yako imeteketea. Subiri makaa yavae majivu meupe, ukiona mekundu yanachungulia chini tu, ndipo uweke kipande cha udi pembeni, si katikati. Utatoa moshi mwembamba, wa pole. Peleka chetezo chini ya pazia, likunjue kidogo liupokee moshi kama hema, hesabu mpaka thelathini, nenda jingine. Kisha kabati la nguo za Idi, kisha vyumba. Chetezo kishikwe na mtu mzima, maana pazia jepesi na makaa havitaki mzaha. Nyumba iliyofukizwa hivyo mgeni anaijua akiwa barazani. Mapambo mengine sina mengi: taa za rangi dirishani kwa ajili ya watoto, na asumini. Vitumba vyake vinachumwa jioni vikiwa bado vimefumba, unavitunga na mirihani, unaweka kwenye mito ya kulalia. Usiku vinafunguka vyenyewe.

Jikoni ndiko siku inakoshindwa au kufaulu. Visheti na vileja vinakaa, vipike siku nne au tano kabla, uvifunge kwenye kopo lisiloingiza hewa na uwaambie watoto ukweli kwamba ni vya Idi. Mchele upetwe na kuchambuliwa mapema. Vitunguu saumu na tangawizi twanga, changanya na mafuta kidogo, weka kwenye friza. Vitunguu maji vya pilau navikaanga tarehe 28 mpaka viwe kahawia, nakausha mafuta, natia kwenye chupa. Binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga nimeshazipima kwenye vikaratasi, kila sufuria na karatasi yake. Tarehe 29 asubuhi nanunua nyama, naichemsha jioni na ile supu naihifadhi. Mwezi ukionekana, nyama iko tayari. Usipoonekana, inalala kwenye friji siku moja na haidhuriki.

Ukifanya hivyo, asubuhi ya Idi pilau halikudai zaidi ya saa moja, na saa hiyo inaanza ukitoka kuswali. Alfajiri sipiki chochote kizito. Kaimati unga wake umeshaumuka usiku, chai ya maziwa, supu. Kabla ya kutoka tunakula tende kwa idadi ya witiri, isiyogawanyika kwa mbili, kama ilivyo sunna. Halafu natoka. Nimeoga, nimejipaka hina mikononi tangu juzi, nimevaa nguo yangu mpya kama wenzangu. Tunaenda njia moja tunarudi njia nyingine, na hiyo njia ya kurudia naichagua ile inayopita kwa jirani mgonjwa au bibi anayeishi peke yake, kwa sababu mchana wageni wakishaanza kuja sitapata tena nafasi ya kutoka.

Kwa wageni hesabu yangu ni kilo moja ya mchele kwa watu sita au saba, na nyama robo tatu ya kilo kwa kila kilo ya mchele. Naongeza kilo moja ya wale ambao hawakusema watakuja, maana lazima waje. Wageni wakija tusikimbie jikoni na kuwaacha na televisheni. Kaa nao. Chakula kiko chini ya kawa, juisi ya ukwaju iko kwenye jagi, kijana wa kiume wa nyumba hiyo ana mikono na miguu. Kwangu wa kiume ndiye anayenawisha wageni na kupeleka masinia, binti anakusanya vyombo, na baba yao anapalia makaa juu ya mfuniko wa pilau. Mwaka wa kwanza walilalamika. Sasa baba anajivunia pilau kama kwamba alilipika yeye.

Kwenye zawadi nina mengi, lakini la kwanza si zawadi, ni haki: zakatul-fitri. Pishi moja ya chakula kwa kila kichwa ndani ya nyumba, mpaka mtoto mchanga. Kwetu tunatoa mchele, kilo mbili na nusu hadi tatu kwa kila mtu. Mwisho wake ni kabla ya swala ya Idi, lakini inaruhusiwa kuitoa siku moja au mbili nyuma, na nakusihi uitoe wakati huo. Mama anayepokea mchele watu wakiwa wanaelekea uwanjani, atapika saa ngapi? Naye ana watoto wanaosubiri harufu ya pilau. Mimi napeleka tarehe 28, na kama uwezo upo naongeza nazi mbili na mafuta.

Watoto wanataka mkono wa Idi. Pesa ndogo ndogo zitafute mapema kwa wakala au dukani, maana siku yenyewe mtaa mzima unatafuta chenji. Kiwango kiwe kimoja kwa watoto wa rika moja, wa kwako na wa wifi yako, kwa sababu wakifika nje kitu cha kwanza ni kuhesabiana. Na nguo zao: kitambaa kifike kwa fundi kabla ya Ramadhani kuingia. Fundi hakatai kazi hata akiwa na magauni hamsini, atakwambia njoo kesho mpaka mwezi uandame.

Kwa wakubwa hakuna zawadi inayozidi doti ya kanga, ila soma jina kabla hujalipa. Mwaka mmoja nilimnunulia wifi yangu kanga ya rangi nzuri mno, kijani na machungwa, nikaifunga vizuri nikampa mbele ya watu. Akaikunjua, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Chumba kizima kikanyamaza. Nilimfuata chumbani nikamwapia kwamba sikusoma, na alinisamehe, lakini ile furaha ya kukunjua zawadi haikurudi siku hiyo. Sasa namwomba muuzaji aikunjue yote mbele yangu. Kwa mama mkwe natafuta jina la dua au la shukrani, basi. Mafumbo waachie wenye ugomvi wao.

Baada ya Idi kuna sufuria. Ukipikia kuni au mkaa, kabla hujaliinjika lipake nje tope la majivu na maji, likauke. Masizi yatashika kwenye majivu, ukiosha yanatoka yote pamoja, na sufuria la kuazima litarudi kwa mwenyewe likiwa safi kuliko lilivyokuja. Ukoko usiukwangue mkavu; mimina maji ya moto, funika, liache usiku kucha. Mafuta yakimwagika zuliani, nyunyizia unga wa sembe papo hapo, uache unyonye, ndipo ufagie.

Pilau halivumilii joto la pwani. Kinachobaki baada ya Alasiri ninakigawa, sisubiri kesho. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, nimekuwa naweka makopo ya siagi mwaka mzima kwa kazi hii, kila mgeni anaondoka na lake. Vyombo vya kuazima nimevifunga uzi mwekundu mkononi tangu vilipoingia, na vya jirani navirudisha siku ya pili asubuhi. Sahani hairudi tupu: visheti vichache, ndimu, hata kiganja cha tende. Naenda mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo ninapokaa kwenye baraza la mwenzangu nikanywa kahawa bila haraka. Wengine wanakuwa wameshaanza kufunga sita za Shawali, basi natafuta wa kunywa naye.

Usiku wa siku ya pili nafungua daftari. Nina ukurasa kwa kila mwaka, nyumba ikishatulia naandika. Wa mwaka jana unasema hivi: mchele kilo 7, ulibaki kidogo, ndimu ziliisha mapema, zinunuliwe 40, pazia la sebuleni lina tundu, binti amerefuka, apimwe upya, kitambaa kifike kwa fundi mwezi wa Rajabu, mama mkwe alipenda vileja, apelekewe na siku za kawaida.