Ubongo wa pinki

Juzi nimepita kwenye meza ya kupasulia nikakuta ubongo wa panya juu ya barafu, pinki kama ufizi. Nikamuuliza mwenye kazi, "Umeutoa damu?" Akanijibu kwa adabu zote, "Nimeusuuza kwa salini, dokta." Ilibidi nitafute kiti. Wadogo zangu mnaochunguza figo na ubongo, njooni hapa.

1. Kreatinini ya panya, ile taka ya damuni inayoonyesha hali ya figo, msiipime kwa njia ya rangi ya Jaffe. Njia hiyo ni ya mwaka 1886, na plazima ya panya ina vitu vingine vinavyotoa rangi ile ile. Tumieni vimeng'enya au HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali.

2. Chakula chenye adenini, kemikali tunayowapa kuharibu figo, panya hawakipendi. Changanyeni kaseini kuficha ladha, na mizani itumike kila siku. La sivyo mtaandika habari za figo kumbe mmepima njaa.

3. Sasa ubongo. Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu nilitaka kujua indoksili salfeti, sumu ambayo figo nzima huitoa, inaingia ubongoni kiasi gani figo zikifa. Panya 48. Kwenye plazima iko juu, ubongoni iko juu, na zinapanda pamoja kwenye mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Grafu ile niliiweka kwenye skrini ya kompyuta yangu, nikifungua asubuhi naiangalia kwanza.

Siku ya kuwasilisha, mzee wetu wa maabara, ambaye kwa kawaida haulizi kitu, akanyoosha mkono. "Mwanangu, damu iliyokuwa ndani ya huo ubongo uliitoa?"

Nilikuwa nimeusuuza. Kwa nje! Ni sawa na kuosha chupa bila kumwaga kilichomo. Pigeni hesabu wenyewe: plazima ikinaswa kwenye mishipa, tuseme sehemu 2 kwa kila 100 za tishu, ubongo usio na chembe ya sumu utasoma 2 pale plazima inaposoma 100. Plazima ikifika 200, ubongo unasoma 4. Mstari wangu ulinyooka kwa sababu nilipima plazima ile ile mara mbili, na mara ya pili nikaipa jina la ubongo.

Nilijaribu kujitetea kwa kupima himoglobini ili nitoe hesabu ya damu iliyobaki. Homojeneti, yaani tishu iliyosagwa, iliyobaki ilitosha kwa panya saba tu. Nikarudia kazi nzima, miezi tisa, na mara hii vipimo vya ubongoni vikaporomoka. Mngejua usafirishaji wa OAT3, protini iliyo kwenye kizuizi cha damu na ubongo, mngeshangaa kidogo kuliko nilivyoshangaa mimi: huwa unaitoa sumu hii ubongoni kuirudisha kwenye damu.

Kwa hiyo: ganzi nzito, fungua kifua, sindano kwenye ventrikali ya kushoto, kata atriamu ya kulia, salini baridi yenye heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) itembee taratibu. Macho yawe kwenye ini. Likitoka hudhurungi likafifia kuwa manjano ya udongo, unakwenda vizuri. Maji yakichuruzika puani, umetoboa ukuta wa kati wa moyo na unaosha mapafu. Rudisha sindano nyuma kidogo. Ubongo ukitoka mweupe, niite hata kama nimelala.

4. Kwenye bwawa la Morris, lile la kupima kumbukumbu ya panya, angalieni kasi ya kuogelea kabla ya kusema panya amesahau. Mgonjwa wa figo huchoka. Mimi pia nikichoka huchelewa kufika ninakojua njia.

5. Mnaoshughulika na mafaili ya wagonjwa: aliyechanganyikiwa msimtupie lawama za yuremia (sumu za figo kujaa damuni) kabla ya kusoma karatasi ya dawa. Sefepimi (antibiotiki) na gabapentini (dawa ya kifafa na maumivu ya neva) zote hutoka kwa figo, na dozi isiyopunguzwa hupanda kichwani.

Nusu za zile bongo 48 bado zipo, droo ya chini kabisa ya friza ya -80, kisanduku chenye herufi za jina langu. Damu yake haitoki tena. Anayetaka kujifunzia kusaga tishu na achukue.