Niliona giza siku ya kwanza jimu, sasa nirudi vipi?

Kocha, habari yako. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, kilo 104, kazi yangu ni ya kukaa ofisini asubuhi hadi jioni. Nilihamishwa kikazi kutoka Mombasa nikaletwa Nakuru, na wiki ya pili tu nikalipia jimu mwezi mzima juu nilikuwa nimechoka kuhema kila nikipanda ngazi. Siku ya kwanza instrakta akanikimbiza dakika 20 kwa mashine, akanipa skwati na chuma mabegani, pushapu, sijui nini, nikaona giza, nikatapika kwa choo cha hapo na vijana wakaangaliana. Siku tatu nilikuwa siwezi kukaa kwa kiti bila kushika meza. Sijarudi, na pesa imebaki huko. Mama watoto ananiambia nirudi lakini naona haya. Mtu kama mimi aanzie wapi, ama hii kitu ni ya vijana?
Baba Wawili, Section 58, Nakuru

Baba Wawili, pole sana ndugu yangu, na rudi. Hiyo haya uliyobeba si yako. Instrakta akipata mtu mgeni kazi yake ya kwanza ni kuuliza, una presha, goti likoje, unakunywa dawa gani, umekula, mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini. Ukimtwika chuma mtu ambaye misuli yake haijaguswa miaka, unamuumiza tu, na mimi hukasirika sana nikisoma barua kama hii kwa sababu wengi hawarudi tena maisha yao yote.

Halafu kuna kitu pengine hakuna mtu alikuambia. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na wewe ulikuwa umetoka huko baharini wiki mbili tu. Hewa ya huku ni nyepesi, kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo kuliko ile mwili umezoea, na mwili unataka wiki kadhaa ujipange. Kwa hivyo ile pumzi kuisha mapema haikuwa kitambi peke yake. Saa hii umeshakaa kidogo, utaona tofauti.

Ule uchungu wa siku tatu ni kawaida, huwa mkali zaidi siku ya pili ama ya tatu, na ukirudia zoezi lile lile wiki inayofuata unapungua sana. Ila hapa nataka unisikie vizuri: siku misuli ikivimba, iume kupita kiasi, na mkojo uanze kutoka rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa, usingoje kesho, enda hospitali. Hiyo inaweza kuwa misuli imevunjika ndani na takataka zake zikifika kwa figo ni hatari.

Kabla hujarudi pima presha, hata kwa kituo cha afya kilicho karibu, ni dakika chache. Ikisoma 140 kwa 90 ama zaidi, na ukipima siku nyingine bado iko hapo, ongea na daktari kwanza. Na kama kifua hukubana ukipanda hizo ngazi, jimu ingoje hadi daktari akuone, sitaki mjadala kwa hiyo.

Ukirudi mwambie instrakta mapema, hata kabla hujabadilisha nguo, kwamba huu mwezi unataka polepole. Akikataa omba mwingine, na ukiwa hapo kwa ofisi yao ulizia kama wanaweza kukusongezea zile siku ulipoteza, kuna jimu hukubali ukiongea nao vizuri. Enda siku tatu kwa wiki, ukiruka siku moja katikati, nusu saa inatosha. Dakika kumi za kwanza tembea kwa mashine, tembea tu, mwendo wa kwamba unaweza kuongea na mtu lakini wimbo huwezi kuimba, hicho ndicho kipimo chako. Kisha kaa kwa benchi na usimame mara nane bila kujisukuma na mikono, piga pushapu ukiegemea ukuta mara nane, vuta ile mashine ya mgongo ikiwa na uzito mdogo kabisa, halafu beba dambeli za kilo 5 kila mkono utembee nazo kutoka ukuta huu hadi ule. Pumzika, rudia mara moja tena, oga, enda nyumbani. Utatoka ukihisi hujafanya kitu na utatamani kuongeza, usiongeze! Huo mwezi unafundisha miguu yako kujua njia ya jimu. Ile hamu ya kurudi ndiyo tunatafuta, na mtu aliyetapika juzi hana hamu.

Kingine, ile chuma ndefu ambayo watu hubeba ikiwa haina sahani za uzito na inaonekana kama haina kitu, kwa kawaida ni kilo 20 yenyewe. Usiiguse bado.

Wiki za kwanza utashangaa kuona uzito uliokushinda sasa unainuka na kwa kioo bado uko vile vile. Ni mishipa ya fahamu imeanza kujifunza kuamsha misuli uliyo nayo, misuli yenyewe kukua ni baadaye. Kwa hivyo usipande mizani kila asubuhi, pima hizo ngazi za ofisi, zitakuambia mapema kuliko mizani. Na haya ikikusumbua enda alfajiri, wengi hujaa jioni wakitoka kazi. Mlima Menengai hapo Nakuru na mita zake 2,278 utakungoja, peleka watoto huko mkipata nafasi baada ya miezi michache.

Kocha, mimi ni mama mboga, naamka saa kumi niende soko la Kibuye, nabeba magunia, nasimama kwa kibanda hadi usiku. Kila siku kabla ya kulala napiga sitapu 100 na tumbo haliendi. Nilipie jimu?
Mama Mboga, Nyalenda, Kisumu

Mama, asante kwa kuandika. Sitapu zinakaza misuli ya tumbo lakini mafuta yaliyo juu yake hayatoki hapo kwa sababu umefanyia kazi hapo, mwili huchukua mafuta kutoka kote. Pesa ya jimu weka kwanza. Kubeba unabeba tayari, chenye huna ni mwendo wa haraka wa pumzi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa hivyo ukienda Kibuye shuka matatu kituo kimoja mapema, utembee haraka wakati huo jua la Kisumu halijaamka, maana saa sita huko joto ni jingi na utaumia bure. Angalia pia chai ya sukari na soda unazokunywa hapo kibandani, hesabu vikombe siku moja tu. Na hizo sitapu 100 za usiku ziache ulale, mtu wa kuamka saa kumi anahitaji usingizi zaidi.

Nimeanza jimu wiki iliyopita nikaambiwa ninunue poda ya protini, bei yake ni kama rent. Ni lazima?
Kijana, Kakamega

Si lazima, lipa rent. Yai moja lina protini kama gramu 6, na uko na omena, ndengu, maharagwe, maziwa, na huko kwenu kuku hakosi. Kula baada ya tizi, kunywa maji, na uniandikie tena ukimaliza miezi mitatu.