Umefunga gcc mpya lakini inayoitika ni ya zamani? Usifute kitu kwanza

Mkuu, umesema umefunga MSYS2 juzi (kile kifurushi kinacholeta gcc, yaani kompaila ya kugeuza code ya C na C++ kuwa programu, kwenye Windows), ila ukiandika gcc --version bado inakuletea toleo la zamani, 6.3.0, na Code::Blocks unayoandikia code nayo inalia haioni kompaila. Naona wachangiaji wawili hapo juu wamekushauri ufute kila kitu uanze upya. Mimi nilifuta na kushusha upya mara mbili, bando la mwezi likaishia humo, na majibu yakawa yaleyale.

Laptop yangu niliichukua Kariakoo, imeshatumika. Mwenye nayo wa kwanza nadhani alikuwa anasoma programu, maana aliacha C:\MinGW yake humo ndani (kifurushi kingine cha zamani chenye gcc) na akaiandikisha kwenye PATH ya mfumo, yaani orodha ya folda ambazo Windows hutafutia programu. Mimi ya kwangu nikaiweka kwenye PATH ya mtumiaji. Sasa Windows inapounganisha hizo mbili, ya mfumo inatangulia, ya mtumiaji inafuata nyuma. Inapita folda moja baada ya nyingine, na ikikutana na gcc.exe inaishia hapo hapo. Haiangalii ipi mpya. Ni foleni ya benki: wa mbele ndiye anahudumiwa, hata kama wewe wa nyuma umevaa suti. Na hiyo 6.3.0 yako ndiyo iliyokuwa ikija na MinGW ya zamani, kwa hiyo nahisi ugonjwa wetu ni mmoja.

Fungua cmd (lile dirisha la kuandikia amri) uandike:

where gcc

(Ukiwa kwenye PowerShell andika where.exe gcc, kwa sababu kule where peke yake ni amri nyingine kabisa. Itakaa kimya udhani huna gcc.) Mimi ilinijibu hivi:

C:\MinGW\bin\gcc.exe
C:\msys64\ucrt64\bin\gcc.exe

Nilicheka mwenyewe saa saba usiku. Ile niliyokuwa naihangaikia ilikuwepo muda wote, imekaa mstari wa pili.

Nenda kwenye kitufe cha Start, tafuta "environment variables", kisha kwenye "System variables" chagua Path, bonyeza "Edit". Ondoa mstari wa MinGW ya zamani, au uongeze C:\msys64\ucrt64\bin hapo hapo uipandishe kwa "Move Up". Usibadilishe PATH kwa amri ya setx kwenye cmd hata kama umeona video inaelekeza hivyo: inakata maandishi yakizidi herufi 1024, na PATH yako ikiwa ndefu utapoteza na vingine. Ukimaliza funga cmd ufungue mpya, kwani iliyokuwa wazi inabaki na PATH ya zamani. Kama unaandikia code kwenye VS Code, nayo pia funga madirisha yake yote, siyo ile terminali ya ndani tu.

Code::Blocks ni kesi tofauti kidogo, yenyewe ina mahali pake pa kuandika njia. Ingia "Settings", "Compiler", kisha kichupo cha "Toolchain executables". Pale juu weka C:\msys64\ucrt64 bila bin. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: bin inaitafuta yenyewe, ukiiandika wewe itakwenda kutafuta bin ndani ya bin. Halafu shuka chini uangalie majina. Kama pameandikwa mingw32-gcc.exe badilisha iwe gcc.exe, na ya C++ iwe g++.exe, maana MSYS2 haina faili la jina hilo la kwanza.

Kama where gcc haitaji ucrt64 kabisa, basi huenda uliandika pacman -S gcc (pacman ndiyo amri ya MSYS2 ya kufungia vifurushi). Hiyo inakupa gcc nyingine, inakaa usr\bin, na programu utakazotengeneza nayo zitadai msys-2.0.dll (dll ni faili la msaada ambalo programu inalihitaji ili ifunguke) kwenye mashine ya mwenzio. Unayoitaka ni hii:

pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc

Jambo jingine, programu ikikompaili vizuri halafu ikigoma kufunguka na kulalamikia libstdc++-6.dll, huenda ni foleni ileile tena: imeokota dll ya MinGW ya zamani. Andika where libstdc++-6.dll uone ipi iko mbele.

Bandika hapa kilichotoka kwenye where gcc, mkuu. Usiku nikirudi toka kazini nitapitia.