Barua kwa mwanangu: makocha wanne, misimu 106

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na swali lako pia. Unataka kujua kama ni kweli timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Texas, hapa Austin, ilikaa zaidi ya miaka mia na makocha wanne tu, na kama ni kweli, waliwezaje. Maana kamati ya timu yenu huko Temeke imeshamtimua kocha wa tatu tangu ligi ianze, na wewe ndiye umebebeshwa kazi ya kuandika mkataba wa huyo wa nne.

Ni kweli, baba, ukimtoa mmoja wa wakati wa vita. Ila usikimbilie kuwasomea wenzako habari hii kama hadithi ya Wamarekani wenye subira. Subira ilikuwepo, lakini kidogo kuliko unavyodhani.

Uwanja ninakouza chakula siku za mechi unaitwa Disch-Falk, na wengi wanaopanga foleni pale kwangu hudhani hilo ni jina la mtu mmoja. Ni wawili. Billy Disch alichukua timu mwaka 1911, akitokea chuo kingine cha humuhumu mjini, St. Edward's, akakaa nayo hadi 1939. Wachezaji walimwita Uncle Billy, yaani kama ninyi mnavyomwita mtu mzima wa mtaani Anko. Alipopumzika, kiti kikaenda kwa Bibb Falk, mtoto wa Austin ambaye Disch mwenyewe alimfundisha alipokuwa mwanafunzi.

Huyu Falk nampenda kuliko wote. Alitoka chuoni mwaka 1920 akaenda moja kwa moja Chicago kuchezea White Sox, klabu ambayo wakati huo ilikuwa inaungua kwa kashfa: wachezaji wanane walituhumiwa kupokea hongo ili wapoteze fainali za 1919. Mmoja wao alikuwa Joe Jackson, nyota wa upande wa kushoto wa uwanja. Walipofungiwa, kijana Falk ndiye aliyesimamishwa pale pale aliposimama Jackson. Hebu fikiria kurithi nafasi ya namna hiyo! Akacheza ligi kuu miaka 12, kisha akarudi nyumbani. Alianza kuifundisha timu ya chuo mwaka 1940, vita vikamwita jeshini baada ya misimu mitatu, chuo kikamwazima Blair Cherry kutoka benchi la futiboli ya Kimarekani kushika mahali pake hadi 1945. Falk akarudi kitini kwake akakaa hadi 1967. Alileta ubingwa wa taifa mwaka 1949 na 1950. Wanasema mdomo wake ulikuwa mchafu hata waamuzi wakimwogopa. Na uwanja wao wa zamani ulikuwa na mwamba wa chokaa ndani ya eneo la kuchezea, huko nyuma, mchezaji akaufukuzia mpira kwa kupanda kama mbuzi. Wageni walioshindwa walilaumu mwamba. Wenyeji walikuwa wameshauzoea.

Wa tatu, Cliff Gustafson, aliyeanza 1968, alikuwa amechezea timu hiyohiyo chini ya Falk, halafu akafundisha shule ya sekondari kule San Antonio miaka mingi. Unaiona njia? Disch alimlea Falk, Falk akamlea Gustafson. Hapakuwa na kocha aliyeingia akauliza funguo za stoo ziko wapi. Gustafson alikaa misimu 29. Uwanja mpya ulipofunguliwa 1975 akachukua ubingwa mwaka huohuo, akarudia 1983, na mrushaji aliyemaliza kazi kwenye fainali ile alikuwa kijana Roger Clemens, ambaye baadaye dunia nzima ya besiboli ilimjua. Alishinda mechi zaidi ya 1,400. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema walimvumilia, muulize walimvumilia kwa lipi. Timu inayoshinda hivyo haihitaji kuvumiliwa.

Subira yenyewe ilikuja kwa wa nne, na huyo ndiye wa kuwaeleza wenzako. Augie Garrido hakuwa mtoto wa nyumbani. Alitoka California, alikokuwa ameshaipa Cal State Fullerton ubingwa mara tatu, na ule wa 1984 aliunyakua kwa kumfunga Gustafson huyuhuyu fainali. Alipokuja kurithi kiti cha aliyemfunga, mwaka 1997, wapo walionuna. Msimu wake wa pili, 1998, timu ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda, jambo ambalo watu wazima wa hapa walikuwa wameshalisahau. Hapo kwenu angefungashiwa virago kabla ya jua kuzama. Hapa walimwacha aendelee. Mwaka 2000 akaifikisha timu Omaha, ambako ndiko hatua ya mwisho ya mashindano ya vyuo huchezwa, na ubingwa ukaja 2002, na tena 2005.

Simsifii kwa kila kitu. Mwaka 2009 timu yake ilicheza na Boston College mechi ya zamu 25, wakati mechi ya kawaida ni zamu 9, saa saba na dakika tatu bila kwenda nyumbani. Texas ilishinda 3 kwa 2. Mrushaji Austin Wood aliachwa arushe zamu 13 mfululizo, na watu wanaisimulia kama ushujaa. Mimi nikiisikia nawaza mkono wa mtoto wa mwenzangu.

Garrido aliondolewa kitini 2016 baada ya msimu mbaya, akapewa kazi ya ushauri, akafariki 2018 akiwa na ushindi 1,975. Tangu hapo mambo yamekuwa kama ya kwenu. David Pierce aliipeleka timu Omaha mara tatu katika misimu minane, na bado akaondoka 2024. Akachukuliwa Jim Schlossnagle, ambaye usiku mmoja alikuwa anapoteza fainali akiwa na Texas A&M, watani wao wa jadi, na kesho yake akatangazwa kuwa wa Texas. Fikiria kocha wa Simba afanye hivyo kwenda Yanga! Msimu wake wa kwanza aliongoza SEC, ligi ambayo Texas ilikuwa ndiyo kwanza imeingia, kisha akatolewa kwenye mtoano hapahapa nyumbani na UTSA, chuo cha kule San Antonio. Pesa zimekuwa nyingi, na pesa nyingi haziketi muda mrefu kumsubiri mtu.

Sasa mkataba wako. Usibishanie sana kama uwe wa mwaka mmoja au mitatu. Mkiandika mitatu mtamfukuza tu na deni juu. Bishania kocha msaidizi. Naona mkimtimua kocha mkuu, benchi zima la ufundi linaondoka naye, na anayekuja anaanza na daftari jeupe. Wekeni kipengele kwamba msaidizi awe mtu aliyechezea timu yenu, alipwe na klabu wala si na kocha, na kocha akiondoka yeye abaki. Yule beki wenu mzee uliyeniambia goti limemwisha, ana umri gani? Kama anajua kusema na vijana, mwanzie huyo, kabla hamjamtafuta wa nje.

Nitumie rasimu nikusomee. Shangazi yako mpelekee zile dawa, usingoje akupigie.

Mama yako