Ami anataka faida, mimi nawapenda nyoka

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, nakaa Malindi. Tangu utotoni nawapenda nyoka; majirani huniita nimtoe aliyeingia nyumbani kabla hawajampiga rungu. Ami yangu ana duka la mabati na saruji. Anataka kutoa mtaji tuzalishe nyoka wa kuuza ng'ambo. Asema mapenzi hayalipi kodi. Naogopa pesa itatuharibu. Nikatae?*

Marahaba, mwanangu. Ami yako hakukosea kutaka hesabu. Nyoka wa kufugwa hula panya, hutaka joto na mtu wa kumtazama hata siku ya Idi, na chatu huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mwenye mapenzi bila hesabu huwaongeza mpaka chakula kinamshinda, wakateseka mikononi mwa mtu anayewapenda.

Hata hivyo hofu yako ni ya haki. Kuna chatu wa kifalme, asili yake Afrika Magharibi, anayezalishwa ng'ambo kwa ajili ya mistari yake kama utando wa buibui. Anapendeza. Lakini jeni, yaani chembe ya urithi, ile ile iliyompa mistari humtikisa kichwa, wengine hata kulenga chakula hawawezi. Jambo hili linajulikana, na bado anazalishwa kwa sababu ana wanunuzi. Hapo ndipo faida inapofika ikiachiwa iamue peke yake.

Basi muulize ami swali moja: wakizaliwa 20 wakauzwa watano, hao 15 watalishwa kwa pesa ya nani? Usikubali jibu la "tutaona". Yule nyoka aitwaye boa, mfupi wa mchangani, anayeuzwa kwa jina la Kenya, Wamarekani wanamzalisha wenyewe miaka mingi sasa. Soko hilo halikungojei wewe.

Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kumpeleka chatu au boa nje kunataka karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Usithubutu kumkamata wa porini ukasema amezaliwa bandani kwako.

Ami akikubali kulisha wasiouzwa, andikeni mkataba, na neno la nani azalishwe na lini liwe lako. Akikasirika, shilingi yake usiiguse. Nenda Watamu, Bio-Ken, ambako wamefuga nyoka tangu 1980 na hufundisha watu kuhusu kuumwa na nyoka. Omba kazi, hata ya kusafisha mabanda. Na mpaka ufundishwe vizuri, ukiitwa kwa jirani ukakuta fira, usimguse, waite wao.